Kimea cha Bibi Kezia

Watu wa barabara ya Manyovu walimwita Kezia mtu wa msimamo. Mimi, Asia binti Abdulrahmani, nilimwita mkaidi, na nilimwambia hivyo usoni. Nilikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati ya kijiji, binti wa mwenye duka wa Kibondo mjini, na subira sikugawiwa nyingi. Yeye alikuwa bibi mrefu, mkavu, aliyetoka Burundi, asiyecheka ovyo na asiyeazima hata chumvi. Tulikuja kupendana sana. Lakini tulianza kwa ugomvi, na tulichogombania kilikuwa uhai wa mjukuu wake.

Huko kwao ng'ambo, Kezia alijulikana kwa pombe. Aliotesha ulezi na mtama, akausaga, akapika impeke, pombe ya kwao, ambayo watu walivuka vilima kuifuata. Mumewe Nestori alikuwa mteja wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, kila siku ya Mungu. Masika moja Nestori alitoka nyumbani amelewa pombe ya mkewe, akaingia mtoni akidhani ni njia, na hakutoka. Kezia alimzika. Baada ya matanga akaitoa mitungi yake yote nje, akaivunja mbele ya watu wa kanisa, akaokoka. Akaapa kwamba mkono wake hautalowesha tena nafaka mpaka ikaota.

Hakuapa kwa mchezo. Akipita nyumbani kwa mtu akaona kimea kimeanikwa mkekani, aligeuza uso kama aliyeona uchi.

Mwaka wa sabini na mbili alikimbia vita pamoja na binti yake Epifania, ambaye alikuwa mjamzito. Walivuka salama, wakapokewa upande wa Kasulu, na Epifania akajifungua mtoto wa kiume. Damu haikukata. Alikufa kabla mtoto hajakaza shingo, na Kezia akabaki na kitoto hicho, Reverien, ndiye ukoo wake wote uliosalia duniani. Alimlea kwa maziwa ya mbuzi, kwa uji, na kwa ubishi wake. Kikakua.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Waliokuwa wametawanyika mabondeni wakaletwa barabarani, nyumba zikapangwa kwa mstari, mlango ukitazamana na mlango. Kabla ya hapo mtu aliweza kuwa na siri nyuma ya migomba yake. Sasa ukianika nguo, kijiji kizima kinajua idadi ya viraka vyako. Nyumba ya Kezia ilikuwa kwenye mstari wa juu, kando kabisa ya njia iendayo kanisani.

Mvua za mwanzo wa mwaka wa sabini na tano zilituletea surua. Reverien aliugua wakati alipokuwa ameshaanza kukimbiakimbia. Upele ulipokauka, nilidhani tumepona. Haikuwa hivyo. Kinywa chake chote kilikuwa kimechubuka, ulimi umejaa vidonda, na mwili umekwisha. Akawa hatembei tena, kisha hakai, kisha akawa halii kwa sauti, anakunja uso tu. Niliogopa ukimya ule kuliko kilio chochote.

Sasa sikia shida yetu ilivyokuwa. Tulikuwa na unga wa ulezi. Uji ukipikwa mzito, wenye chakula ndani yake, mtoto hawezi kuumeza, unamkwama kwenye vidonda anautema pamoja na damu. Ukiongeza maji mpaka ukapita kooni, umemjaza maji. Tumbo lake dogo linavimba, anashiba, na mwili unaendelea kuisha. Maziwa ya unga yalikuwa yamekwisha zahanati. Ya mbuzi sasa yalimharisha. Hospitali ya Kasulu tungempeleka, lakini mto ulikuwa umebeba daraja la magogo na hakuna gari lililopita. Kila nilipompandisha kwenye mizani, kipimo kilikuwa kimeshuka.

"Mpe huo mzito kidogo kidogo," nilimwambia Kezia.

"Nimempa. Tazama kanga yangu." Kanga ilikuwa imejaa uji uliotemwa.

Mkuu wetu zahanati alikuwa Stanislaus, tabibu kijana wa Kasulu, Muha mwenye maneno mengi, ambaye angeweza kukufundisha hata kama umekuja kung'olewa jino. Asubuhi ile hakuwa na maneno. Alimtazama Reverien kwa muda mrefu, kisha akageuka akamwuliza Kezia, "Bibi, unajua kutengeneza kimea?"

Niliona shingo ya Kezia ikikakamaa. "Nilijua."

"Kimea cha ulezi, si cha mtama. Mtama ukiota una sumu, kwa mtoto mdogo sithubutu. Kijiko kimoja tu cha unga wake, ukikikoroga kwenye uji mzito, uji unalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji. Chakula kinabaki kile kile, ila kinapita."

"Najua unavyolegea," Kezia akasema. "Ndivyo pombe inavyoanza."

Stanislaus alitoka nje, kwenye jiko ambako jamaa za wagonjwa walikuwa wakipika, akarudi na muhindi mkavu. Akakaa kwenye kigoda mbele ya Kezia.

"Tazama, Bibi. Wanga wa ulezi ni sukari nyingi zilizoshikana, moja kwa nyingine, minyororo mirefu. Uji ukiiva minyororo hiyo inavimba na kusongamana, ndiyo maana mwiko unasimama. Mbegu inapoota, inataka kula wanga wake, kwa hiyo inatengeneza vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Vinaitwa vimeng'enya. Kimeng'enya ni mkono." Akaushika ule muhindi. "Kina kiganja chake, na kiganja hicho kimeumbwa kushika wanga, si kitu kingine. Maharage hakiyawezi, mafuta hakiyajui. Kinaushika mnyororo, kinaukunja hivi, unakatika." Akaupukuchua, punje zikamwagika sakafuni. "Kisha kinaachia. Na mkono haujapungua, si ndiyo? Unachukua muhindi mwingine. Na mwingine. Mkono mmoja unamaliza gunia."

"Na bila mkono?" nikauliza mimi, maana nilikuwa nimevutiwa.

"Bila mkono, punje zingetoka zenyewe siku moja. Gunzi lingeoza, zingeanguka. Uji nao ungelegea wenyewe, lakini kwa miaka na miaka. Kimeng'enya hakifanyi jambo ambalo haliwezekani, kinafanya jambo linalowezekana liwahi. Na huyu mtoto anahitaji liwahi."

Kezia alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko mimi. Alielewa. Hilo ndilo lililomwumiza, nilimwona. Akamfunika mtoto vizuri mgongoni.

"Daktari, mimi nilimzika mume kwa sababu ya mikono hiyo unayoisifu. Nimeapa mbele za Imana, Mungu wangu. Usinitume huko."

"Si pombe, Bibi! Pombe ni mpaka uache uji ukae, uchachuke. Huu ataunywa saa ile ile."

"Mlango ni ule ule," akasema, akaondoka zake kwenye mvua.

Nilimfuata mpaka njiani nikimsema. Nilimwambia kiapo hakina kinywa cha kulishwa. Nilimwambia mengine ambayo sitayarudia. Hakugeuka hata mara moja.

Nikajaribu mwenyewe. Kijijini hakukuwa na kimea cha kuomba, maana mwenyekiti alikuwa amepiga marufuku pombe mpaka kilimo kiishe, na ulezi uliobaki majumbani ulikuwa wa mbegu. Nilinunua kidogo kwa bei ya dhahabu, nikaulowesha kwenye beseni la zahanati. Mtoto wa dukani, niliyezoea nafaka iliyo ndani ya gunia! Niliuacha kwenye maji mpaka ukanuka, nikaufunika mpaka ukaota ukungu badala ya mizizi. Stanislaus aliunusa akaumwaga chooni. Nililia kwa hasira, na wakati ule ule nilijua Kezia angeufanya amefumba macho.

Siku zikapita, sitaki kukumbuka jinsi zilivyopita. Mtoto alikuwa akiletwa asubuhi, tunampa maji ya sukari na chumvi, anarudishwa. Nywele zake zikaanza kubadilika rangi. Miguu ikavimba.

Kisha asubuhi moja Kezia aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akafungua fundo kwenye pembe ya kanga yake. Ndani kulikuwa na unga wa rangi ya udongo.

"Ni huo," alinong'ona. "Msimwambie mtu."

Nilitaka kumkumbatia, lakini uso wake haukukaribisha mambo hayo. Alikuwa ameuotesha chini ya kitanda, ndani ya majani ya mgomba, na wakati wote huo hakuhudhuria maombi ya jioni kwa kuona haya. Niliwasha moto. Nilipika uji mzito hasa, mwiko ukasimama katikati ya sufuria. Stanislaus akauepua, akasubiri mpaka kidole kikaweza kuvumilia, kwa sababu uji unaochemka, alisema, ungekiua kimeng'enya pale pale. Akamimina kijiko cha ule unga. Akakoroga. Tukasimama watatu tukiutazama mwiko.

Mwiko ulibaki umesimama.

"Tusubiri," Stanislaus akasema.

Tulisubiri. Uji ukapoa, ukafanya ngozi juu. Akaongeza kijiko cha pili, cha tatu. Mwiko ukawa kama umepandwa. Reverien alikuwa amelala mgongoni kwa bibi yake, macho nusu wazi, na nilisikia pumzi zake kutoka nilipokuwa.

Stanislaus alichoka. Mtu aliyechoka anatafuta wa kulaumu, na aliyekuwepo alikuwa Kezia. "Bibi, huu si kimea. Huu ni unga mtupu. Umesaga ulezi wa kawaida ukatuletea ili tukuache."

Sijawahi kuona mtu akibadilika uso namna ile. "Nimevunja kiapo changu," Kezia akasema polepole. "Nimemwudhi Mungu wangu kwa ajili ya unga huu. Na wewe unaniita mwongo?"

"Basi mbona haufanyi kazi?"

"Uulize wewe uliyesoma!"

Walikuwa karibu kurushiana masufuria. Mimi nilichota unga kwa ncha ya kidole nikaulamba, sijui kwa nini, labda nipate la kufanya. Ulikuwa mtamu kidogo, kweli uliota. Lakini ulikuwa na ladha nyingine, ya kitu kilichokaangwa, na harufu ya moshi.

"Bibi Kezia," nikasema, "uliukaushia wapi?"

Kezia alianza kulifunga tena fundo la kanga yake.

"Uliuanika?"

"Nani angeuanika?" akajibu. "Niuanike wapi, mwana wanje, mwanangu? Njia ya kanisa inapita kwenye ukuta wangu. Mzee Niyibizi wa kanisani anapita pale asubuhi na jioni. Mvua ikikatika wote wanatoka nje. Niliuweka kwenye kikaango, nikaugeuza motoni mpaka ukakauka. Kukauka si kukauka?"

Stanislaus aliketi. Alishika kichwa, na hasira yote ikamtoka. "Ulikuwa umelowa bado?"

"Ego, ndiyo. Ulikuwa na maji."

"Umepika mikono, Bibi. Ile mikono midogo. Mkono ukiungua unajikunja, kiganja kinafumba, hauwezi tena kushika muhindi. Upo, lakini haushiki. Jua linaondoa maji bila kuunguza. Moto umeua vyote."

Enzi za pombe yake Kezia alianika juani sikuzote, kama mama yake na bibi yake, na hakuwahi kuwa na sababu ya kuuliza kwa nini. Sasa aliijua sababu, na aliijua kwa gharama ya nani.

"Nimebakiza nusu," akasema hatimaye. "Kikaango kilikuwa kidogo. Ipo bado kwenye majani, mbichi. Mizizi imeanza kurefuka."

"Ikipita kesho kutwa itaota ukungu," akasema Stanislaus. "Inahitaji jua. Jua la wazi, siku nzima."

Mvua ilikuwa ikipiga bati la zahanati kwa nguvu hata ikabidi aseme mara mbili.

Iliendelea kunyesha Jumamosi yote. Nilikwenda kwake jioni nikakuta ameyafungua majani, anaigeuza ile nafaka kwa vidole ili ipate hewa. Vidole vyake vilijua kazi hiyo, vilikwenda vyenyewe, na yeye alivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Reverien alikuwa hamezi tena hata maji ya kijiko, tulimlowesha midomo kwa kitambaa.

Jumapili palikucha peupe. Anga ilikuwa imeoshwa, na jua la milimani kwetu likitoka baada ya mvua linachoma kweli. Nilivaa haraka, nikakimbia kwa Kezia nikiwaza mahali pa kujificha: juu ya paa, nyuma ya choo, mahali popote. Kutoka mbali nikasikia kengele ya kanisa.

Nilipofika, mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Hakuuweka nyuma ya choo, kwani huko kivuli cha nyumba hukaa mpaka adhuhuri. Aliutandika mbele, kando ya njia, mahali pekee palipokuwa na jua kamili. Kimea kilikuwa kimesambazwa juu yake, chembamba, mizizi yake myeupe ikionekana kwa kila mwenye macho. Kezia alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, amevaa gauni lake la kanisani, mtoto mapajani, akifukuza kuku kwa fimbo.

Na waumini wakaanza kupita.

Walipita wawili wawili, watatu watatu, Biblia kwapani. Waliona mkeka, wakanyamaza. Wengine walitazama pembeni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba naye kila Jumapili alifika karibu, akafungua kinywa kumsalimu, akakifunga, akapita. Nilitamani kuwapigia kelele. Fimbo ya Kezia haikusimama, kuku hawakupata hata punje.

Mzee Niyibizi alikuja nyuma ya wote. Alikuwa mzee wa kanisa, mkimbizi kama yeye, tena wa kilima kimoja, na ndiye aliyeshuhudia mitungi ikivunjwa. Alisimama mbele ya mkeka.

"Dada Kezia. Hiki ni nini?"

"Ni kimea, ndugu."

"Leo? Siku ya Bwana?"

"Jua limetoka leo."

Mzee alimtazama mtoto. Nadhani aliona, hakuwa mtu mbaya. Lakini nyuma yake watu walikuwa wamegeuka kusikiliza, na yeye ndiye mlinzi wa maagano yao. "Unajua kanisa litasema nini," alisema, na hakusema kwa ukali.

"Najua. Sogea kidogo, ndugu yangu. Unakizibia jua."

Mzee Niyibizi akasogea.

Alasiri tulisaga kwenye jiwe, Kezia akisukuma na mimi nikichekecha. Hatukungoja kwenda zahanati, Stanislaus alikuja mwenyewe na sufuria mkononi. Uji ukapikwa mzito, ukaepuliwa, ukapoa mpaka kidole kikavumilia. Kezia alisema unga huo ataumwaga yeye. Akaumwaga, akakoroga, akauachia mwiko.

Ulisimama. Nikasema moyoni, basi. Kisha nikaona umeinama kidogo, nikadhani ni macho yangu. Ukaendelea kuinama, taratibu, mpaka ukalala ukingoni mwa sufuria, na uji ulipochotwa ukamiminika mwembamba, unang'aa, bila tone la maji kuongezwa. Stanislaus akaurudisha motoni ukachemka kidogo kuua vijidudu. Alisema sasa moto hauna ubaya, kazi imeshafanyika.

Kezia aliuweka kwenye ulimi wa mtoto kwa kidole. Reverien alikunja uso. Tuliliona koo lake likipanda na kushuka, jembamba kama la ndege. Alimeza. Akapewa tena, akameza tena. Hatukushangilia, tuliogopa kumshtua. Nililia kimya kimya, na Stanislaus akajifanya anatafuta kifuniko.

Haikuwa safari fupi kutoka hapo. Kezia alianika kimea kingine, na kingine, pale pale njiani, na mimi nilimfukuzia kuku. Uvimbe wa miguu ulishuka kwanza, hata mizani ikatutisha kwa kupungua, kisha ikaanza kupanda. Siku Reverien alipolia kwa sauti kubwa akitaka kilichokuwa mkononi mwangu, nilimpa chote nikasahau kilikuwa nini.

Kanisa nalo lilisema lililotarajiwa. Kezia alitengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu mbele ya watu, ndivyo ulivyo utaratibu wao walokole, dhambi ya wazi hutubiwa wazi. Akakubali kutubu. Mimi nilikasirika kuliko siku zote. Nilikwenda kusimama nje ya dirisha la kanisa na ushungi wangu, Mwislamu peke yangu, nione kama kweli mwanamke yule ataomba radhi kwa kumwokoa mtoto.

Alisimama mbele, Reverien kiunoni. "Ndugu zangu," alisema, "nimekuja kutubu. Nilikuwa na dawa ya mtoto huyu ndani ya nyumba yangu. Nikaona haya kwenu. Nikaificha, nikaikausha motoni msiione, ikafa, na mtoto akazidi kukonda kwa sababu niliogopa macho yenu kuliko nilivyoogopa kaburi lake. Hilo ndilo ninalolitubia. Mungu anisamehe."

Mzee Niyibizi alikohoa. "Na kiapo, Dada Kezia? Na kile kimea cha njiani?"

"Kile mlikiona wote," alijibu. "Kile sikijutii, na siwezi kumdanganya Mungu kwamba najuta."

Hawakujua wafanye nini naye. Walimwacha nje ya Meza hivyo hivyo, mwaka huo na mwaka uliofuata, wengine wakimtetea na wengine wakikataa. Yeye alikwenda kila Jumapili. Wenzake walipokwenda mbele kupokea, alibaki benchi la nyuma na Reverien mapajani, na kabla ibada haijaisha ilimbidi amhamishe goti hili na goti lile, kwa sababu mtoto alikuwa amekuwa mzito.